Hilux ama Canter: gari gani inafaa kooperative?



Kooperative nyingi zinachoka kukodi gari ya kuleta viazi na maharagi Majengo, zinafikiria kununua okazioni yao. Pesa hiyo ni michango ya wote. Mkikosea, mtabaki na chuma kwenye parsele. Tulinganishe gari mbili za miaka ya 1990 ambazo mafundi wanazijua: Toyota Hilux ya moteri 3L na Mitsubishi Canter ya moteri 4D32.

Nguvu na mzigo. Zote zinatumia mazutu, ziko na silinda 4, hazina turbo. Hilux ni lita 2,8, inabeba karibu tani 1: magunia 10 ya kilo 100. Canter ni lita 3,6. Ile ya tani 3 inabeba magunia 30.

Mazutu. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 60. Kwa kilomita 100 Hilux inakunywa lita 12, Canter lita 20. Wengi watasema Hilux njo rahisi. Lakini tuhesabu magunia 60:

- Hilux: safari 6, lita 43
- Canter: safari 2, lita 24

Na kila safari iko na bariere zake. Lakini kama magunia ni 8 tu, Hilux inamaliza na lita 7, Canter 12.

Udhaifu. Hilux iko na mkanda ndani ya moteri. Ubadilishwe kila kilomita 100.000. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Canter inatumia gia za chuma, haina mkanda ule. Lakini iko na mapine 6, na mawe ya volkano yanayakula. Kwenye matope, Hilux ya 4x4 inapita; Canter inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ikiwa tupu inateleza.

Mbele ya kulipa:

1. Washeni asubuhi, moteri ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inachoma mafuta ya moteri.
2. Fundi aingie chini, atafute kutu na mahali shasi ilichomelewa.
3. Namba ya shasi ifanane na ya karti roze.

Kwanza fungueni kitabu cha mauzo, mhesabu magunia ya kila mwezi kwa mwaka mzima. Kama kila safari inapita magunia 10, tafuteni Canter. Kama mzigo ni kidogo na shamba liko mbali na barabara, Hilux inatosha.