Tulale Wapi Mwanza?

Daktari amekuandikia barua. Umpeleke mama yako Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kutoka Kiruruma mmepanda basi hadi Bukoba, kisha meli. Meli imekwenda usiku kucha. Asubuhi mnashuka bandarini, katikati ya jiji. Je, mtalala wapi?

Mdogo wako anakaa Igoma. Kwake hulipi chumba. Lakini Igoma iko mbali, katika barabara ya kwenda Musoma. Kila siku utalipa nauli ya kwenda na kurudi. Mama akilazwa, na akazidiwa usiku, utamfikiaje?

Bugando iko juu ya kilima, karibu na mjini. Tafuta nyumba ya wageni chini ya kilima hicho, hata chumba kidogo. Uliza bei kabla ya kushusha mzigo. Mpigie simu mdogo wako umweleze, asije akadhani umemdharau. Anaweza kuwaletea chakula.

Aliyekwenda kununua dagaa ana shauri jingine. Soko la Mwaloni liko Kirumba. Yeye na alale Kirumba.

Maswali
1. Kwa nini mgonjwa asilale Igoma?
2. Wewe ungemwambia nini mdogo wako? Andika sentensi tatu.