Baada ya Kiharusi: Mgonjwa Anaposahau Upande wa Kushoto

Mzee ametoka hospitali. Anakula ugali ulio kulia mwa sahani, kisha analalamika kwamba chakula kilikuwa kidogo, na nusu ya kushoto haijaguswa. Ananyoa shavu moja. Akitembea, bega la kushoto linagonga mlango. Msimgombeze. Huo si ukaidi, na macho yake huenda ni mazima.

Mara nyingi hali hii hutokea kiharusi kinapojeruhi upande wa kulia wa ubongo, kikavuruga uwezo wa kuelekeza umakini kushoto. Mwaka 1978, watafiti wa Italia, Bisiach na Luzzatti, waliwaomba wagonjwa wawili wa Milan waukumbuke uwanja wa kanisa kuu la mji wao, wakijiona wamesimama upande mmoja. Waliacha majengo ya kushoto. Walipotakiwa kujiona wamesimama upande wa pili wa uwanja, waliyataja yale yale waliyoyaacha. Kumbukumbu walikuwa nazo, ila kushoto hawakufika.

Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, lakini wapo wanaobaki na shida hii kwa miaka. Msikate tamaa, maana mazoezi ya nyumbani bado yanaweza kusaidia:

- Bandikeni utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza au wa ukurasa. Autafute kwanza, ndipo ale au asome.
- Mnapoongea naye, anzeni mbele yake, kisha sogeeni taratibu kushoto. Maji, simu na vitu vya dharura vibaki kulia.
- Mkono wa kushoto autazame, aupapase, ausogeze kadiri awezavyo. Msiuvute mnapomwinua, na mhakikishe haunasi kwenye gurudumu la kiti.
- Asipike peke yake wala kuvuka barabara bila mtu. Asiendeshe chombo chochote hadi daktari ampime na kumruhusu.

Endeleeni na kliniki, dawa za presha na mazoezi ya mtaalamu. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mkimbizeni hospitali.

Nyumba nzima itumie swali moja, kila mlo na kila mlangoni: “Kushoto kuna nini?” Mwanzoni mtauliza ninyi na kumngoja ageuze kichwa. Mwandike ni mara ngapi kwa siku mmelazimika kuuliza. Idadi ikipungua, mjue ameanza kujiuliza mwenyewe.