Je, kazi itazorota?

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Kimironko, Kigali. Jirani ananiomba nimwajiri binti yake mwenye ulemavu wa akili. Namhurumia, lakini nahofia kazi itazorota.

JIBU: Weka huruma kando, binti anatafuta kazi. Sheria ya Kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2008 unataka mazingira ya kazi yarekebishwe ipasavyo.

Sikufichi, mwanzoni utapoteza muda: mwokaji mmoja atapunguza kasi akimfundisha. Igawe kazi vipande: kupaka mafuta makopo, kuhesabu mikate kumi kumi, kuitia kwenye mifuko ya karatasi. Bandika ukutani picha ya kila hatua. Afundishwe jambo moja kwa wakati, na mtu yuleyule. Kisha mpime kwa mikate aliyofunga sawasawa, si kwa wepesi wa kujibu maswali. Waajiri wengi hukosea hapo. Mlipe sawa na wenzake wa kazi hiyo.

Na kabla ya yote, muulize yeye mwenyewe, si mzazi wake tu, kama kazi anaitaka.