MNARA NA KANISA LA BAGAMOYO



Mwalimu anayefundisha historia anahitaji vitu viwili: kitabu na kitu cha kutazama. Katika somo la leo kitu chetu cha kutazama ni mnara mmoja wa kale, pamoja na kanisa lililo karibu nao, katika misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo. Huenda mtu akauliza, “Sisi Waanglikana tuna nini na kanisa la Wakatoliki?” Jibu atalipata kabla ya kufika mwisho wa somo.

1. MAHALI PENYEWE

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 walivuka bahari wakafungua misheni Bagamoyo. Mkuu wao alikuwa Padre Antoine Horner. Siku zile Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka hapo, na watumwa pia. Mapadre walikomboa watumwa, hasa watoto, wakawapa makao, wakawafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono. Ndipo kikazaliwa kijiji cha Kikristo cha watu waliokombolewa.

Tuseme kweli yote, kama ilivyo wajibu wa mwalimu. Maisha ya kijiji hicho yalikuwa ya amri na kengele: kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya shamba. Mtu aliyetolewa utumwani hakupewa mara moja uhuru wa kwenda apendako. Jambo hili tulikumbuke bila kuidharau huruma iliyowatoa katika minyororo.

2. MAWE NA CHOKAA

Kanisa la kwanza lilijengwa mwaka 1872, mwaka uleule ambao tufani kubwa iliipiga pwani na Unguja. Kilichobaki cha kanisa hilo ni mnara wake tu. Kanisa la pili, lililo kubwa zaidi, lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914 kwa matofali ya mawe ya matumbawe. Mnara wake una matao, na juu umepambwa kwa vinara vidogo vyenye ncha pamoja na msalaba wa chuma.

Tazameni jinsi mambo mawili yalivyokutana hapo. Umbo la matao na mnara lilitoka Ulaya, lakini vifaa ni vya pwani yetu. Jiwe la matumbawe ni jepesi, lina vitundu vingi, na fundi mwashi hulichonga bila taabu kubwa. Matumbawe hayohayo yakichomwa katika tanuru hutoa chokaa, na chokaa ikichanganywa na mchanga huyashika mawe. Mafundi wa pwani walikuwa wakijenga hivyo misikiti na majumba karne nyingi kabla ya misheni. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba kanisa lile ni kitu cha wageni tu.

3. USIKU MMOJA WA MWAKA 1874

Dr. David Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walizika moyo wake chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana aliyesoma katika shule ya C.M.S. huko Nasik, Bara Hindi, alisoma ibada ya mazishi, kisha akachonga jina la marehemu katika mti. Mwili waliukausha juani, wakaufunga, wakaanza safari ya kwenda pwani. Miongoni mwao walikuwamo Chuma na Susi, na wanawake pia, kama Halima aliyekuwa mpishi.

Walipofika karibu na Tabora walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza, naye akawashauri wauzike mwili palepale. Walikataa. Waliendelea kwa miguu, safari ya zaidi ya kilometa 1,500 kwa jumla, na wenzao wengine walikufa njiani. Tarehe 24 Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na mwili ukalazwa katika kanisa la misheni. Ndiyo maana mnara ule huitwa mpaka leo Mnara wa Livingstone.

Livingstone hakuwa Mkatoliki. Alilelewa katika madhehebu ya Kiprotestanti ya Uskochi, na katika karne ile Wakatoliki na Waprotestanti waliogopana sana. Hata hivyo mlango ulifunguliwa. Baadaye meli ya Kiingereza iliuchukua mwili mpaka Unguja, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa katika Westminster Abbey, London.

Hapa ndipo linapopatikana jibu la swali letu la mwanzo. Hotuba za Livingstone za mwaka 1857 huko Cambridge ndizo zilizochochea kuundwa kwa U.M.C.A., misheni iliyotuletea Injili wengi wetu. Chuma mwenyewe alitolewa utumwani mwaka 1861, Livingstone alipokuwa pamoja na Askofu Mackenzie wa misheni hiyo. Na katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, lililoanzwa mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, umo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo. Mnara wa Bagamoyo na msalaba wa Mkunazini ni kurasa mbili za kitabu kimoja.

4. WAJIBU WETU

Vita vya Abushiri vilipozuka mwaka 1888, watu wengi wa mji walikimbilia misheni, na misheni haikuguswa. Kuta zile zimehifadhi watu walio hai na waliokufa. Je, nasi twahifadhi nini?

Nimesikia katika mitaa yetu maneno kama haya: “Kanisa hili ni kuukuu, tulipige lipu ya saruji ling'ae,” au, “Tulibomoe, tujenge la kisasa.” Wazee wa kanisa, tafadhali fanyeni subira. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari, kisha huutoa unyevu huo taratibu kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hayapati njia ya kutokea. Chumvi hukusanyika ndani, lipu huvimba na kubanduka, na jiwe lenyewe huanza kumong'onyoka. Miaka michache ya kung'aa huleta hasara ya miaka mingi. Dawa yake ni ileile ya wazee: chokaa kwa chokaa, paa lisilovuja, na mfereji wa kuyaondoa maji penye msingi.

Tena, andikeni. Kila mtaa uwe na daftari la kutaja kanisa lilijengwa lini, mawe yalitoka wapi, mafundi walikuwa nani, na akina mama waliobeba maji na mchanga ni akina nani. Majina ya mapadre huandikwa vitabuni, lakini majina ya wachukuzi hupotea. Laiti wenzake Chuma na Susi wote wangeandikwa, tungewataja leo mmoja mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini wachukuzi wa Livingstone walikataa shauri la Cameron? Ninyi mngefanya nini?
2. Mgeni wa madhehebu mengine akileta maiti kanisani kwenu leo, atapokelewaje?
3. Ni nani katika mtaa wenu anayekumbuka kujengwa kwa kanisa lenu? Nani atakwenda kumwuliza, na lini?

Swali la tatu msilijibu kwa maneno. Nendeni na kalamu, tena upesi, maana wazee hawatungoji.