Kisiwa Kilichowakaribisha Wageni

Wakatekumeni wa Lac Vert wanajua maji yaliyozungukwa na nchi pande zote, kwa maana ziwa lao limekaa ndani ya shimo la volkano ya kale kama maji ndani ya bakuli. Malta ni kinyume chake: ni nchi iliyozungukwa na maji, katika bahari ya Mediteranea, kusini ya Italia. Kisiwa hicho si kikubwa kupita Idjwi ya Ziwa Kivu, lakini jina lake limeandikwa katika Kitabu Kitakatifu.

Habari yenyewe yasomwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Mtume Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Roma kuhukumiwa na Kaisari. Dhoruba ikawashika siku nyingi, hata jahazi likavunjika karibu na pwani. Watu wote 276 wakaokoka, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Walitoka majini wakitetemeka, mikono mitupu.

Je, wenyeji walifanya nini? Haikuandikwa kwamba waliuliza kwanza kabila la wageni. Imeandikwa kwamba waliwasha moto, wakawakaribisha wote, kwa sababu ya mvua na baridi. Publio, mkubwa wa kisiwa, akawapokea siku 3. Baba yake alikuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu. Paulo akaomba, akamwekea mikono, naye akapona. Angalieni vema, wakatekumeni: watu hao walikuwa hawajafundishwa Injili bado, lakini tendo la upendo lilikuwa limekwisha kuanza mikononi mwao.

Wamalta hawakulisahau jambo hilo. Kila mwaka tarehe 10 Februari, katika mji mkuu wa Valletta, sanamu ya Mtakatifu Paulo huchukuliwa mabegani barabarani. Kengele na tarumbeta hulia, na vipande vya karatasi hurushwa kutoka juu ya nyumba. Tarehe 29 Juni ni sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, waiitayo Imnarja. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu hukusanyika penye miti ya Buskett, wakiimba na kula nyama ya sungura. Kisha huwa na mashindano ya mbio za farasi na punda. Mgeni huonyeshwa pia pango la Rabat, ambamo wazee husema Paulo alikaa. Papa Fransisko alisali humo tarehe 3 Aprili 2022, na siku ile ile akawatembelea watu waliovuka bahari kutafuta kimbilio.

Wema wa kisiwa hicho ulifika hata Afrika yetu. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akakamatwa utotoni na kufanywa mtumwa. Mapadri Weupe wakamkomboa, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kujifunza uganga wa hospitali. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko akafundisha dini na kutibu wagonjwa mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67. Mgeni aliyepokewa akawa mwenye kupokea.

Basi, sikukuu isiyo na moto wa kuwapasha wageni ni kelele tu. Watu wa Goma wanajua maana ya kukimbia usiku: walikimbia moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Kisha, mwaka 2023 na 2024, maelfu waliokimbia vita walijenga vibanda vya maturubai penye mawe ya Lac Vert, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakawaua hata huko. Mtu akibisha mlangoni, huenda chakula ni kidogo, na watoto wa nyumba nao wana njaa. Hapo ndipo mkatekumeni hujaribiwa kweli. Si kila mtu aweza kutoa kitanda. Lakini moto, maji na neno jema havimshindi maskini.

Maswali ya kujibu
1. Wenyeji wa Malta waliwatendea nini wageni kabla ya kusikia Injili?
2. Atiman aliulipaje wema aliotendewa?
3. Ni nani karibu na nyumba yako aliyefika mikono mitupu, nawe umempa nini?