Haidroidi Aumaye: Mnyama Adhaniwaye Mwani

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi kwenye mwamba wa matumbawe wakati maji ya bamvua yalipokupwa. Mmoja wao alikiona kishada cheupe mfano wa unyoya, akaandika daftarini kuwa ni mwani, kisha akakichuma kwa mkono mtupu. Punde mkono ulijaa vipele vya kuwasha na kuchoma. Kosa la uainishaji lilikuwa limezaa maumivu, kwani alichokichuma hakikuwa mmea bali koloni la wanyama waitwao Macrorhynchia philippina.

Uainishaji

Spishi hii imo katika faila ya Nidaria, pamoja na yavuyavu na matumbawe, kwa kuwa wote wana seli za kuchomea. Ngeli yake ni Haidrozoa. Oda yake ni Leptothecata, yaani haidroidi ambao polipi zao hukaa ndani ya vikombe, na familia yake ni Aglaopheniidae. Aliyeieleza kisayansi, mwaka 1872, ni Gustav Heinrich Kirchenpauer, mwanasheria aliyepata kuwa meya wa Hamburg. Vitabu vya zamani huiita Lytocarpus philippinus. Mwalimu asidhani kuwa hizo ni spishi mbili.

Umbo

Koloni lina shina la rangi ya kahawia au nyeusi na matawi meupe yaliyopangika kama majani ya kangaga. Ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia utaona safu za vikombe vidogo. Ndani ya kila kikombe mna polipi mlaji, na kando yake kuna vijikombe vitatu vya ulinzi vyenye seli za kuchomea. Seli hizo zikiguswa, hufyatua nyuzi zenye sumu. Mmea hauna silaha ya namna hii, wala kwa kawaida hauli windo.

Mtawanyiko

Spishi hii huishi katika bahari za joto: Bahari ya Shamu, pwani ya mashariki ya Afrika, visiwa vya Bahari ya Hindi hadi Pasifiki, na pia Atlantiki ya tropiki. Imeonekana vilevile mashariki ya Mediteranea, ambako inadhaniwa iliingia kupitia Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869.

Makazi

Kwa kuwa koloni halitembei, sharti lipate mahali pagumu pa kujishika: mwamba, tumbawe lililokufa, nguzo ya gati au mabaki ya meli. Tena sharti pawe na mkondo, kwani ndio uletao planktoni, chakula chake. Basi tusitazamie kulikuta juu ya tope laini na maji yaliyotulia.

Tahadhari

Aliyechomwa asijisugue, maana seli ambazo hazijafyatuka zitafyatuka. Asuuze kwa maji ya bahari, si maji baridi ya bomba, na vipande vilivyobaki viondolewe kwa kikoleo. Akiona shida ya kupumua apelekwe hospitali mara moja.

Maswali

1. Taja sifa mbili zinazoonyesha kuwa kiumbe huyu ni mnyama, ijapokuwa umbo lake ni la mmea.
2. Kwa nini nguzo ya gati penye mkondo humfaa kuliko ghuba yenye tope?
3. Je, kufanana kwa umbo kwatosha kuviweka viumbe viwili katika kundi moja? Eleza.