Nani mwenye kauli ya mwisho juu ya Biblia?

LUSHOTO ni mahali ambapo Mwislamu hahitaji kwenda mbali kuona kuwa Wakristo si kundi moja. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na matunda yake ni Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Kabla ya karne ile kwisha, watawa wa Kikatoliki, Watrapisti, nao wakaweka kituo Gare. Milima ni ile ile ya Usambara, lakini makanisa ni mawili.

Nayaandika haya kwa sababu nasikia baadhi ya wahadhiri wetu wakimbana Mlutheri kwa hoja za Papa. Mlutheri hucheka, na hoja hufa hapo hapo.

Mzizi wa tofauti yao ni Mathayo 16:18-19, pale Nabii Isa (a.s.), wanayemwita Yesu, anapozungumza na Petro juu ya mwamba, kanisa na funguo. Mkatoliki anasema mwamba ni Petro mwenyewe, na mamlaka yake yamerithiwa na maaskofu wa Roma. Hivyo Biblia husomwa pamoja na Mapokeo, na wenye haki ya kuitafsiri kwa mamlaka ni Papa na maaskofu walio pamoja naye. Mtaguso wa Trento ulilikazia suala la Mapokeo mwaka 1546. Ule wa Vatikano wa mwaka 1870 ukatamka kuwa Papa hakosei anapotangaza rasmi fundisho la imani au maadili. Tuwe waadilifu: haikusemwa kwamba kila neno lake halina kosa. Na mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulieleza kuwa mamlaka hayo hulitumikia neno la Mungu, hayako juu yake.

Mlutheri anajibu kuwa mwamba ni ile imani aliyoikiri Petro, na kwamba katika Mathayo 18:18 uwezo wa kufunga na kufungua wamepewa wanafunzi wote. Mwaka 1521, mjini Worms, Martin Luther alikataa kufuta maandishi yake, akidai athibitishiwe kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Tusidhani basi kuwa Walutheri hawana uongozi. KKKT ina maaskofu, ila mafundisho yao hupimwa kwa Biblia.

Kila upande una swali zito kwa mwenzake. Mkatoliki huuliza: bila kanisa, nani alikuambia vitabu ni vipi? Yeye ana 73, Mprotestanti 66. Mprotestanti naye huuliza: kama kanisa ndilo hakimu, likipotoka nani atalihukumu?

Ndugu msomaji, An-Nahl aya ya 125 inatuamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora. Sioni ubora katika kumjibu mtu kwa jambo asiloliamini. Kabla ya kufungua Biblia mbele ya jirani yako, muulize kwanza anasali kanisa gani, kisha msikilize.